Thelathini na Tatu Mpaka Jua Lizame

Chaki ya shangazi ilikuwa na sauti yake. Kwii, kwii, halafu tak, pale anapoweka nukta ambayo haikuwa na kazi yoyote. Kila asubuhi aliandika namba moja tu, kwenye ubao alioupaka rangi nyeusi mwenyewe. Nikisikia ile tak, hata kama bado nimejifunika shuka, najua duka limefunguliwa.

Shangazi Mwanaidi alikuwa Mrangi wa Kondoa kama mimi, ila aliondoka zamani kufuata biashara na akaishia kwenye mji mdogo wa Msumbiji, karibu na mto Ruvuma. Kule walimwita Mama Kondoa. Kazi yake ilikuwa kubadilisha fedha. Mwenye metikali, fedha ya Msumbiji, anampa shilingi za kwetu, mwenye shilingi anampa metikali. Mimi nilimfuata baada ya shule kunishinda kidato cha pili. Nilikuwa na ndoto ya duka la vioo lenye feni, na jina langu, Zuhura, juu ya mlango kwa taa za rangi. Shangazi hakuicheka. Aliuliza tu, "Umeme utalipa wewe?"

Alikuwa na sharti lake. Namba ikishaandikwa asubuhi haibadiliki mpaka jua lizame, na wa kuifuta ni yule aliyeiandika. Ikifutwa, bei imekwisha. Isipofutwa, bado ipo. Redio ingesema yake, benki zingepandisha na kushusha, ubao wa shangazi haukusikia. Bwana Salumu, mbadilisha fedha wa jirani, yeye bei yake ilibadilika kila alipotazama simu.

"Mama Kondoa," alimwambia asubuhi ile, "hiyo ni bei au nadhiri?"

"Ni bei. Nadhiri niliweka nisiolewe na wewe."

Nilicheka hadi uji ukanimwagikia mkononi. Ubaoni palikuwa na 33. Metikali moja, shilingi thelathini na tatu.

Mchana zikaanza bunduki.

Mwanzo zilikuwa mbali, upande wa barabara kuu, kama mtu anapasua kuni kavu. Habari za wenye silaha tulikuwa tunazisikia, vijiji vya mbali, majina ya mbali. Halafu watu wakaanza kupita mbele yetu wakikimbia, wamebeba magodoro, na hakuna aliyesalimia. Hapo ndipo nilipoogopa. Mji ule watu walikuwa hawapiti bila kusalimia.

Wote walikuwa wanaelekea mtoni kuvuka kuja Tanzania. Wenye mitumbwi walikataa metikali. Walitaka shilingi, tena mkononi, kabla hujakanyaga mtumbwi.

Bwana Salumu akatangaza kumi. Metikali moja, shilingi kumi.

"Kesho hizo karatasi zitafungia karanga," alisema. Simlaumu sana. Alikuwa na watoto.

Akaja mama mmoja, mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, na fundo la pesa kwenye pindo la kanga. Alikuwa ametoka kwa Salumu. Kwa kumi asingevuka hata yeye peke yake.

"Kwako ngapi, mama?"

"Soma ubao," alisema shangazi.

"Sijui kusoma."

"Zuhura, msomee."

Bunduki zililia tena, karibu zaidi. Niligeuka kutazama barabarani.

"Zuhura. Msomee."

"Thelathini na tatu," nilisema.

"Hajasikia."

Nikasema kwa sauti ya kuuza samaki sokoni. Thelathini na tatu. Watu waliokuwa wanapita wakageuka. Wakaja.

Salumu alimfokea shangazi kutoka mlangoni kwake. "Umechanganyikiwa wewe mwanamke? Nani atakununulia hayo makaratasi?"

"Jua lile pale," shangazi alimjibu bila kunyanyua kichwa. "Halijazama."

Alihesabu, mimi nikapokea. Mkoba wa metikali ukavimba, sanduku la shilingi likapungua. Hakumpunja mtu. Hakumharakisha mtu. Shilingi zilipobaki kidogo, alizifunga kwenye leso.

"Hizi ni za Mzee Abdu, mteja wangu wa siku zote; aliniomba nimwekee. Mguu wake mbaya, atachelewa, lakini atakuja. Wewe chukua mkoba, mbebe mtoto wa huyu mama, tangulieni. Akishachukua zake, nafuta ubao, nawafuata."

"Twende wote, shangazi."

"Nimeandika mimi. Nitafuta mimi."

Nilimbeba yule mtoto. Tulipita kwenye mikorosho.

Moshi ulikuwa umeanza upande wa soko.

Sikugeuka.

Tulivuka. Upande wa kwetu nilikaa ukingoni nikihesabu vitambaa vya kichwa vilivyokuwa vinakuja, nikitafuta cha njano cha shangazi. Mzee Abdu alifika baada ya siku kadhaa, amevimba mguu, na leso ya shangazi mfukoni. "Alinipa zangu zote," alisema. "Akaniambia tangulia, baba, mimi nafuta ubao. Nilipogeuka niliona watu wenye bunduki wameingia mtaa ule. Na ubao bado unaning'inia, mwanangu. Namba iko vilevile."

Ni hayo tu ninayoyajua. Hakuna kaburi, na wala hakuna mtu aliyesema amemwona.

Sasa niko Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, nauza chapati na chai kwa mafundi wa reli. Vioo bado, feni bado, lakini ninayo turubai na benchi mbili, na jina langu nimeliandika kwa rangi nyekundu. Mkoba wa metikali upo. Nilipofika Dodoma dalali mmoja alinipa bei ya matusi, akasema nishukuru. Nilimwambia hizo zina bei yake, na siyo hiyo.

Juzi mdogo wangu Halima, anayesoma chuo, alinionyesha kwenye simu mahali unapoandika tarehe ya zamani, nayo inakwambia siku hiyo metikali ilikuwa shilingi ngapi. Niliandika siku ile. Ikaja namba inayokaribia ya shangazi, na mstari mdogo wa bluu. Nilitafuta mahali ulipoanguka. Haukuanguka. Ulipita siku ile umenyooka kama siku nyingine yoyote.

"Dada, mbona unalia? Si inaonyesha bei ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri kwenye ubao mmoja," nilimwambia. "Mlango wa pili ilikuwa kumi."

Nimejaribu kupima. Waliovuka kwa bei ile siwajui wote. Yule mtoto niliyembeba najua yuko hai, na ananiita mama mdogo kwenye simu. Shangazi alikuwa mmoja, na nilikuwa naye huyohuyo tu. Akitokea leo nitamgombeza mpaka achoke, halafu nitamwambia alifanya sawa.

Jana baada ya wateja kuondoka, Halima akiwa chuoni, nilichukua kipande cha mbao ya sanduku nilichokipaka rangi nyeusi. Nikakining'iniza juu ya benchi. Kwii, kwii. Nikaandika 33, nikaweka na nukta, tak. Yeyote wa mji ule atakayepita na metikali yake, kwangu ni bei hiyo.

Jua likazama nyuma ya karakana ya reli. Nikakunja turubai, nikazima jiko. Sikufuta.