Mtani Aliyelala Kaburini

Enzi zetu utani haukuwa mzaha wa ovyo kama wa vijana wa leo, mtu anakutukana kisha anajitetea, "Natania tu." Thubutu! Utani ulikuwa na wenyewe. Kwetu Ruanda, huko Mbozi, watani wetu walikuwa ukoo wa Mzee Nzowa. Walitusema, nasi tuliwajibu papo hapo, na vicheko vilisikika hadi mtoni. Mama alitufunza mapema, huku tukipukuchua mahindi: "Ukinuna, umeshindwa."

Baba alikuwa ameshayasahau hayo. Alikaa miaka mingi kwenye migodi ya shaba, Rodesia ya Kaskazini, hata sura yake niliisahau. Alirudi babu alipofariki, amevaa koti zito, macho mekundu kwa kulia.

Tulipofika kaburini, kando ya mibuni, Mzee Nzowa aliruka shimoni akalala chali.

"Mchoyo huyu hazikwi!" akapaza sauti. "Pombe yake, hata harufu alitunyima!"

Baba akakwapua jembe, akalinyanyua. "Toka humo, mshenzi! Unamtukana baba yangu?"

Mungu wangu! Nililishika gauni la mama. Hata mimi mtoto nilijua kwamba kwetu watani ndio wanaozika. Angempiga Nzowa, ukoo wake wote ungeondoka, na babu angebaki pale juu, kwenye jamvi. Watu walimsihi baba, hasikii.

Ndipo bibi akasogea ukingoni.

"Kweli alikuwa mchoyo," akasema. "Basi toka, Nzowa. Hata hilo shimo hatakugawia."

Watu wakaangua kicheko, msibani! Nzowa naye akacheka, akapanda juu, kisha akalia kwa kwikwi. Baba alibaki na jembe hewani, hajui alishushe vipi.

"Mpe jembe lake," bibi akamwambia taratibu. "Kaburi hili amelichimba yeye tangu alfajiri."

Baba akampa. Wakafukia pamoja.

Siku hizi misiba ina maturubai na vipaza sauti, na wajukuu zangu hutuma pole kwa simu, na vikatuni vinavyotoa machozi. Sawa, wana adabu. Mwaka jana nilipomzika mume wangu, kila aliyesimama alimsifu. Nilikaa pale kaburini nikimngoja hata mmoja amtukane, nimjibu. Hakutokea mtu.