Mandazi Nyuma ya Mlango wa Stoo

Siku yangu ya kwanza kazini, Masœur, mtawa aliyeongoza pavilioni, hakutaka kuona diploma. Alinishika mkono mpaka kitanda cha kwanza, akabonyeza kidole gumba juu ya mguu wa mtoto uliovimba, kisha akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Hii ndiyo bwaki," aliniambia. "Mutoto wa njaa analilia chakula. Huyu wa bwaki anakikataa. Kazi yako ni kumubembeleza mpaka akubali."

Ndivyo nilivyoanza uuguzi hapa Bukavu, katika pavilioni ya watoto waliokosa lishe. Ninyi vijana mmekuta maziwa ya tiba kwenye pakiti. Sisi tulikoroga wenyewe: maziwa ya unga, sukari, mafuta, maji yaliyochemka na kupoa. Kila baada ya saa tatu mtoto alipewa kiasi chake kulingana na uzito, kwa kijiko, taratibu, maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukiushindilia chakula ghafla, moyo unaweza kusimama. Kupima, kukoroga, kulisha, kuandika kwenye fishi, ile kadi ya mtoto. Ukimaliza kitanda cha mwisho, saa ya kitanda cha kwanza imeshafika.

Mwezi ule nilimlea Bahati, msichana wa miaka mitatu aliyeletwa na nyanya yake kutoka Luvungi. Siku nyingi alilala akiutazama ukuta. Asubuhi moja aligeuka, akanitazama, akacheka. Masœur alikuwa ametufundisha kwamba mtoto wa bwaki akicheka, ameanza kupona. Kesho yake nilimpelekea maziwa ya saa tatu asubuhi, nikamkuta amekufa. Mpaka leo sijui tulikosea wapi, au kama tulikosea.

Nilimwosha, nikamfunga katika kitenge cha nyanya yake. Halafu nikaingia stoo ya maziwa, nikafunga mlango, nikala mandazi yote niliyokuwa nimenunua soko la Nyawera kwa ajili ya watu wa nyumbani. Nilikula nimesimama. Njaa sikuwa nayo. Nilipomaliza nilifuta mdomo, nikarudi kukoroga maziwa. Sikulia, wala hakuna aliyeniuliza neno.

Toka siku hiyo ikawa desturi. Mtoto akifa, naingia stoo. Zamu ikiwa ngumu, naingia stoo. Aibu yake mtaielewa: nyuma ya ukuta ule kulikuwa na watoto wasioweza kumeza kijiko, na mimi nilikuwa nikijishindilia kama mtu anayeziba tundu.

Baadaye nilipelekwa kituo cha afya cha Mudaka. Titulaire, yaani muuguzi anayeongoza kituo, alikuwa mzee wa maneno machache. Saa sita mchana alifunga rejista, akatuita sote mezani.

"Tukule," alisema. "Mugonjwa atangoja kidogo. Anastahili muganga mwenye alikula."

Kwetu hata muuguzi huitwa muganga. Tulikula bugali na maharage, siku nyingine na mashanza, yale maziwa ya mgando ya kwetu. Alasiri tulipima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi: nyekundu ni hatari, njano ni tahadhari, kijani ni heri. Akina mama wakipita kwenda sokoni walinionyesha watoto niliowatibu, wamenenepa, wanakimbiza kuku. Miaka ile sikuhitaji stoo. Sikuliona jambo hilo wakati ule. Nilikuja kuliona nilipokuwa nimeshaondoka.

Nikarudishwa mjini wauguzi walipopungua. Wengine walikuwa wamekimbia risasi, wengine wamechoka tu. Zamu zetu, tulizoziita garde, zilikuwa za saa ishirini na nne, wauguzi wawili kwa vitanda arobaini. Fundi alipanua blauzi yangu ya kazi mara mbili, na mara ya pili hakuthubutu kunitazama usoni.

Ikafika siku moja ambapo watoto wawili walitufia kabla ya adhuhuri. Nilikuwa stoo, mdomo umejaa, niliposikia mama mmoja anaita, "Muganga! Muganga!" Nilimsikia vizuri. Nikameza, nikachukua andazi lingine. Akaita tena. Mwisho akafungua mlango mwenyewe.

"Mutoto wangu amekuwa baridi," alisema. Kisha akanitazama. "Muganga, uko nalia?"

Nilijigusa shavu. Lilikuwa limelowa.

Tulikimbia. Mtoto alikuwa amelegea, sukari ya mwili imemwishia. Nilimpa maji ya sukari kwa mpira wa puani, mama akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, tukawafunika blanketi. Ilichukua muda mrefu mpaka akafumbua macho. Alipona, akatoka hospitali kwa miguu yake. Lakini zile dakika nilizokaa nikitafuna huku mama yake akiita hazijaniacha.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari mkurugenzi, nikamwambia yote. Badala ya kunikaripia alinichoma kidole, akapima damu. Sukari ilikuwa juu.

"Maman Nsimire, toka lini uko nakula hivi?"

"Toka mutoto wa kwanza mwenye alinifia, dokta."

"Watu wa kukuongezea sina," alisema. "Nikikuahidi, nitakuwa nadanganya. Lakini nusu saa ninaweza kukupa. Mutoto akikufa, muganga wake atoke inje, akae na mwenzake, aseme. Kijiko nitakishika mimi."

Na alikishika, siku alizoweza. Mara ya kwanza nilikaa kwenye ngazi na mwenzangu Faida, nikamsimulia habari za Bahati. Faida akatoa mfukoni mwa aproni sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, zilizofungwa katika karatasi. Kumbe naye alikuwa na zake za kuficha! Tulicheka mpaka tukalia. Sisemi tulipona. Kuna wiki ile nusu saa ilipatikana, na kuna wiki nilirudi stoo.

Nimestaafu sasa, na kila asubuhi najichoma sindano ya kisukari. Vijana wananiuliza kama kazi iliniridhisha. Iliniridhisha, na ningeifanya tena, ila nisingeifanya nikiwa peke yangu. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Binti yangu Neema naye ni muuguzi. Juzi mchana alirudi kutoka garde, hakuvua hata viatu, akapita moja kwa moja jikoni. Nilisikia kifuniko cha sufuria, kisha kijiko kikigonga haraka haraka. Nilikaa kidogo, nikiogopa kuinuka. Halafu nikaenda, nikavuta viti viwili.

"Anaitwa nani?" nilimuuliza.

Kijiko kilisimama hewani. "Maman, umejua namna gani?"

"Ikala kwanza," nilisema, nikimwonyesha kiti.

Alikaa. Akanitajia jina, kisha akaniambia mengine yote, na chakula kikapoa mbele yetu.