Kahawa ya Mgeni

Mjukuu wangu amechemsha kahawa ya Moshi, na ile harufu yake ya uchachu imenifikia hapa barazani. Imenirudisha siku ile Tabora, nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza.

Mgeni alikuja asubuhi. Alisema baba, aliyekuwa kibarua wa mashamba ya kahawa Bukoba, amemtuma anichukue kwa treni ya mchana. Kama ushahidi alileta mfuko wa kahawa ya huko. Nguo zangu zilikwisha fungwa kwenye kanga, na fundo alilishika yeye.

Mama akaichemsha ile kahawa, akaonja. Kahawa ya Bukoba tuliijua. Kila likizo baba aliileta, nzito, chungu, yenye harufu ya udongo. Hii ilikuwa nyepesi, na iliuma ulimi kama ukwaju. Haikutoka Bukoba.

"Ni ya shambani kwake kabisa?" mama akauliza.

"Kabisa, shemeji. Nilimwona akiichuma."

Mama akammiminia kikombe cha pili. Mkono wake mwingine ulinibana kiganja hadi nikaumia.

"Kunywa taratibu, shemeji," alisema, akitabasamu. "Mjomba wake yuko njiani, anakuja kumuaga."

Sikuwa na mjomba.