Vipindi Thelathini vya Warigia

Warigia alikuwa ameshona sare za shule pale Ngoingwa kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mzazi aliyewahi kumrudishia kola. Kisha mumewe akafariki, na baada ya mazishi mikono yake ikakataa kazi. Hakulia. Aliketi tu mbele ya cherehani, kitambaa mapajani, asubuhi ikaisha. Alimeza dawa za aina mbili kwa mwaka mzima, zikamnenepesha, basi. Ndipo Daktari Amrita, wa kliniki moja ndogo ya Ruiru, alipomweleza kuhusu mashine ya sumaku inayowekwa kichwani kuuamsha ubongo, bila kupasua wala kudunga sindano. Vipindi thelathini, siku tano kwa wiki.

Warigia alikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi.

Siku ya kwanza Eddie, kijana wa kuendesha mashine, alimvalisha kofia ya kitambaa, akasogeza sumaku polepole hadi kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikaruka chenyewe. Hivyo ndivyo walivyojua nguvu inayomtosha. Kisha mashine ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, ikanyamaza, ikagonga tena, kama mtu anayepiga hodi kwenye fuvu. Haikuuma sana. Ilikera. Eddie alimwambia atulie, na alimwambia hivyo kila siku, hata alipokuwa ametulia kama gunia.

Lakini mashine ilikuwa afadhali kuliko watu. Binti yake Lynn, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amepanga chumba mtaa wa Kahawa Wendani, alikuwa amesoma kila kitu kuhusu tiba hiyo kwenye simu, na kila jioni alipiga kuuliza hali yake ni ngapi kwa kumi. Warigia alijibu tatu. Kesho yake, tatu. Lynn akaanza kuuliza kama ni tatu kamili au tatu na nusu. Shemeji yake Mwau naye alileta habari kwamba sumaku hiyo hufuta kumbukumbu, kwa hivyo afadhali aseme mapema mahali alipoweka hati ya shamba. Akina mama wa kanisa walisikia ni umeme, wakaanza kumwombea kwa sauti ya kumzika mtu.

Wiki tatu zikapita hivyo.

Jumatano ya wiki ya nne, Warigia alirudi kutoka Ruiru akamkuta Mwau sebuleni anaipiga picha cherehani yake. Kulikuwa na mtu kule Kiuu aliyetaka kununua moja, Mwau alieleza, na kwa kuwa hii imekaa tu... Warigia alisimama mlangoni. Alihisi kitu cha moto kikipanda kutoka tumboni, akadhani mashine imemharibu.

"Shemeji, toa mkono kwenye cherehani yangu," alisema. "Na hiyo hati usiniulize tena. Aliyekufa ni bwanangu. Mimi sijafa."

Mwau aliondoka bila kunywa chai. Lynn alipopiga, Warigia alimwambia leo hana nambari, amekasirika, na aache kumpima kama unga. Lynn akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, jambo lililomchosha mama yake zaidi.

Kesho yake alimwomba daktari radhi, akasema huenda tiba inamletea hasira. Amrita aliweka kalamu chini.

"Mara ya mwisho kukasirika ilikuwa lini, Mama Lynn?"

Warigia alifikiri, asikumbuke. Hata siku ya mazishi, jeneza lilipochelewa kwa saa tatu na jamaa wakigombana, yeye alikuwa ameketi tu.

Daktari hakumwahidi kitu. Alisema wengine hupata nafuu na wengine hawapati, na kukasirika si kupona, lakini wamalize vipindi.

Wakamaliza. Hakupona kwa siku moja ya kusherehekea, kama Lynn alivyotaka. Alianza kulala hadi alfajiri. Akashona mfuko wa shati, akaufumua, akaushona tena. Shule zilipofunguliwa Januari alikuwa akishona nusu siku, akichoka anafunga. Kuna asubuhi ambazo bado humshinda. Na siku moja alimlilia mumewe kwa mara ya kwanza, sokoni Thika, mbele ya rundo la viazi, akaudhika mno kwa sababu mwenye viazi alidhani analilia bei, akampunguzia.