Baba Ananunua Gari Wattaya

Tangu utumbo wangu mpana ulipoanza kutoka vidonda, Muscat naijua kwa vyoo vyake. Wengine wanaijua kwa mikahawa.

Daktari alinieleza vizuri: maradhi haya hayaambukizi, hayaponi moja kwa moja, lakini hutulizwa. Vidonge kila siku, dripu kila baada ya wiki nane, pilipili basi. Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni njia ya kwenda kazini. Sisi tunakaa Matrah, ofisi yangu iko Qurum, na asubuhi magari hayasogei. Maradhi yakichachamaa, tumbo likiita halinipi hata dakika tano. Alkhamisi moja lilinizidi humo humo ndani ya gari. Sitaeleza zaidi. Nilirudi nyumbani, nikaoga, nikaandika barua ya kuacha kazi na kuitia mkobani.

Baba alinikuta jikoni nalia. Ni mstaafu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kofia iliyokaa sawasawa, na kubembeleza hajui.

"Barua iache kwanza," alisema. "Jumapili ntakupeleka mimi."

Jumapili, wiki ya kazi ikianza, tulipofika Wattaya, katikati ya njia, tumbo likanikata. Kabla sijasema neno alikwishauona uso wangu. Akakata kona, akaegesha mbele ya duka la magari.

"Teremka. Mimi nnatazama gari. Mtu aliyekuja na mnunuzi haulizwi anakwenda wapi."

Nilipotoka chooni nilimkuta amekaa kwenye usukani wa gari kubwa nyeupe, anamhoji muuzaji, mwanamme wa makamo, Mswahili mwenzetu. "Ubaridi wake unafika kiti cha nyuma? Mke wangu hatovumilia joto." Masikini mama, wala hakuwa na habari.

Tulikwenda hivyo miezi minne. Tumbo likitulia tulipita moja kwa moja. Siku mbaya, baba alinunua gari. Alifungua buti, akayapiga teke magurudumu, akaikataa rangi ya fedha kwa sababu eti inaonyesha vumbi, kisha wiki ya pili akaiulizia rangi ile ile. Aliletewa kahawa na halwa, akala kwa raha zake. Mimi nikitoka chooni najikaza nisicheke. Sijapata kuona mtu mzima anayejitia namna ile bila ya kupepesa jicho, na nilimpenda mpaka nikaumwa na kifua. Kwa ajili yake siri yangu ilikuwa salama, na kwa hiyo niliweza kushuka garini.

Kisha siku moja baba alikuwa na miadi ya macho, nikaendesha mwenyewe. Kufika Wattaya, tumbo likaanza. Niliegesha mbele ya duka. Niingie kama nani? Mnunuzi sina. Nikaikumbuka barua, bado ilikuwa mkobani, nikasema leo naitoa. Lakini tumbo halingoji mtu amalize kufikiri. Niliingia nimeinamisha kichwa.

Nilipotoka, yule muuzaji alikuwa amesimama na gilasi ya maji.

"Karibu, dada. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja… kuitazama ile nyeupe."

Akacheka kwa upole. "Usijisumbue, dada yangu. Wallahi, mzee alitwambia tokea mwanzo. Alikuja peke yake Jumamosi, kabla hajakuleta. Alikaa pale, akasema: 'Nna binti yangu mgonjwa wa utumbo, anahitaji choo njiani, na haya zimemzidi. Mimi ntajitia nnanunua gari. Na nyinyi, tafadhalini, jitieni mnaniuzia.'"

Nilirudi garini nikalia mpaka miwani ikaingia ukungu. Miezi minne duka zima lilikuwa likijadili rangi za magari kwa ajili ya haya zangu. Wote walikuwa wanajua, na hakuna lililoharibika.

Nilipofika ofisini nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wangu, mwanamke mkali kuliko wote jengoni, nikamwambia yote: maradhi, damu, choo. Akanisikiliza, akauliza kama meza ya karibu na choo itanifaa, na kama siku mbaya naweza kufanyia kazi nyumbani. Barua niliichana vipande vipande.

Jioni nilimkuta baba sebuleni, macho bado mekundu kwa dawa. Nikamwambia nimesema kazini.

"Umesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alhamdulillah." Akaniashiria nikae. "Lakini wale wa magari usiwambie kitu. Watajiona tumewafanya wajinga."

"Baba, wale uliwambia wewe. Kabla hujanipeleka."

Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Baba yangu, aliyezozana na wauza magari miezi minne bila ya kupepesa jicho, aliinamisha uso kwa haya. Nikambusu kichwani.