Chupa Zangu Hazikuwa na Sabuni

Mimi ni muosha chupa. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wakiulizwa kazi yangu husema "huyo mama anasaidia saidia kule maabara", kama vile nilikuwa napita njia nikaitwa kushika mlango. Sisaidii. Naosha. Mwaka huu ni wa kumi na nane.

Jengo letu ni la ghorofa moja, na juu kuna chumba ambamo ngozi ya binadamu huishi bila mwenyewe. Usishtuke. Mtu akifanyiwa upasuaji, kile kipande cha ngozi ambacho kingetupwa huombwa kwake, naye akikubali, kinaletwa kwetu. Wataalamu wanakichambua hadi zile chembe zake ndogo, seli, wanazitia kwenye vyombo bapa vyenye maji ya lishe ya rangi ya waridi, kisha kwenye kabati lenye joto la mwili. Seli zinashika chini, zinazaana, zinatandaa. Zikishatandaa, wanazichokoza makusudi ili zipate mchochota, yaani ule moto wa ngozi iliyovimba na kuwasha. Seli ikiudhiwa hutoa vitu vya kuomba msaada, nao huvipima vimetoka vingapi. Hapo ndipo hujaribu dawa za kutuliza, za watu wanaojikuna mpaka damu. Na kila mara huacha vyombo kadhaa bila kuchokoza, viwe vya kulinganishia. Hivyo sharti vikae kimya. Visipokaa kimya, kazi yote imekwenda na maji.

Lishe ile inakorogwa na kutunzwa kwenye chupa za kioo, na muosha chupa hizo ni mimi.

Juma langu la kwanza niliziosha kwa sabuni ya kunukia, nikadhani ninajipendekeza. Daktari, mkuu wetu, wakati huo bado msichana mwembamba, hakunikaripia. Alinipandisha juu akanionyesha kwenye hadubini. Seli zenye afya nilizikuta zimelala zimeshikana mikono kama watoto waliolala mkeka mmoja. Zile zilizoonja sabuni yangu zilikuwa zimejikunyata, kila moja na lake. Niliona aibu kama nimemmwagia mtu uji wa moto. Tangu siku hiyo sabuni yangu haina harufu, na kila chupa inasuuzwa mara saba kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji ya mvuke. Ndiyo maana wananiita Bi Saba. Sijawahi kusuuza mara sita. Hata nilipomzika mume wangu na kurudi kazini baada ya siku nne, nilisuuza mara saba.

Maji ya mvuke ni yale yanayochemshwa kwenye mtambo, mvuke wake ukapozwa, ukadondoka tone tone kwenye pipa lenye bomba. Yanakuwa safi kuliko ya mvua, na ndiyo pia wanayokorogea lishe. Lakini mimi nilikuwa na sheria yangu: maji yaliyolala pipani tangu Ijumaa, Jumatatu asubuhi yanamwagwa, pipa linasuguliwa, tunaanza upya. Hakuna aliyenifundisha. Ukipitisha kidole ndani ya pipa la maji yaliyolala, utakuta utelezi. Utelezi si maji.

Mwaka jana akaja Msimamizi mpya. Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, anatia mguu kila mahali. Akanikuta namwaga.

"Mama, unafanya nini?"

"Namwaga maji yaliyolala."

"Maji nayo yanalala?" Akacheka, akawatazama wenzake wacheke naye. "Haya yamepita kwenye mvuke. Na yakitoka hapa yanachemshwa tena kwenye chungu cha mvuke. Mdudu gani atapona? Mtambo unakula umeme siku nzima, wewe unamwaga. Kuanzia leo hakuna kumwaga."

"Lina utelezi, pipa hilo."

"Utelezi uko mikononi mwako, bibi. Ni sabuni."

Aliyekupa amri ndiye mwenye amri. Nikaacha kumwaga, nami nikamwambia mbele ya mtunza stoo kwamba nimeacha kwa neno lake.

Haukupita mwezi wa pili, vyombo vya kulinganishia vikaanza kupiga kelele. Hakuna aliyevichokoza, lakini seli zake zinaomba msaada kama zimeunguzwa. Wakarudia, ikawa vile vile. Majuma matano ya kazi yakamwagwa, na ngozi ya watu walioitoa kwa hiari yao ikamwagwa nayo. Hilo liliniuma kabla sijajua kwamba litanigeukia.

Siku ya Jumanne, saa ya chai, watu wote wamesimama kwenye ukumbi na vikombe vyao, Msimamizi akasema kwa sauti ya kutangaza: "Chanzo tumekijua. Ni mabaki ya sabuni. Tusilaumiane, ni umri tu. Macho ya Bi Saba hayaoni tena povu."

Akanikabidhi barua. Nipumzike mwisho wa mwezi.

Tusilaumiane! Mtu anakupaka kinyesi usoni, halafu anakuambia tusinusane. Watu kumi na mmoja, nimewaona wengine wakiingia pale hawajui kushika chupa, wote wakatazama chai zao. Daktari hakuwepo, alikuwa kwenye mkutano. Nikaweka kikombe changu chini polepole ili kisilie, nikaenda nyumbani.

Nyumbani nakaa na wifi yangu, dada wa marehemu. Tumezeeka pamoja kwa kugombana. Nikamweleza.

"Basi pumzika," akasema. "Si kila siku unalia na mgongo?"

"Mgongo ni wangu. Jina nalo ni langu."

"Jina! Nani anakujua wewe huko? Watasema tu, yule bibi wa chupa."

"Ndiyo hivyo. Watasema yule bibi wa chupa aliyeua seli. Hata nikifa."

"Ukifa nitawaambia ulimuua kaka yangu pia, kwa maneno." Akanisogezea kiti. "Kaa, wifi. Haya, uliosha vizuri?"

"Mara saba."

"Basi kama si mkono wako ni kitu kingine. Tafuta hicho kitu, acha kunikodolea macho mimi."

Nikakitafuta nikiwa nimekaa pale pale. Sabuni ni ile ile, brashi ni ile ile, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni kimoja: maji.

Asubuhi sikwenda kwenye beseni langu. Nilikwenda kwa Daktari, nikasimama mlangoni mpaka alipoinua kichwa. Nikamweleza. Alinisikiliza, lakini akasema yale yale: "Mama, maji hayo yanachemshwa. Vijidudu vyote vinakufa."

"Nimesema viko hai?" nikamwambia. "Mwanangu, samaki aliyeoza ukimchemsha hapati kuwa mzima. Unapata mchuzi wa samaki aliyeoza. Hizo maiti za vijidudu zinakwenda wapi mkishaziua?"

Daktari alitua kalamu. Kisha akasema, taratibu, kwamba ni kweli, maganda ya vijidudu vilivyokufa hayaondoki kwa kuchemshwa, yanapenya hata kwenye chujio, na ngozi ikiyahisi inadhani imevamiwa. Alilijua hilo tangu shuleni. Wote walilijua. Ila hakuna aliyewahi kuliuliza pipa.

"Basi tupime," nikasema. "Mimi nioshe chupa, na Msimamizi aoshe zake kwa mikono yake yenye macho mazima. Kila mmoja, nusu asuuze na kukorogea lishe maji mapya, nusu maji yaliyolala. Asiyejua chupa ni ya nani ndiye asome majibu."

Msimamizi aliosha akiwa amekunja mikono ya shati, akilowana hadi kwenye tai. Nilimhesabia. Mara ya tano alitaka kuacha, nikamwambia bado mbili, baba.

Siku ya nne majibu yakatoka. Vyombo vya maji mapya, vyangu na vyake, kimya. Vyombo vya maji yaliyolala, vyangu na vyake, makelele matupu. Sabuni haikuwamo kabisa.

Daktari akachana barua yangu, akaniambia nirudi kazini. Nikamwambia sijarudi. Nikakaa kwenye kiti kando ya beseni na mikono yangu mapajani.

Mchana Msimamizi akaja pale peke yake, akafunga mlango. "Mama, samahani. Yaishe."

"Fungua mlango," nikamwambia. "Aliyenivua nguo ukumbini hawezi kunivisha chumbani. Saa ya chai utasema, mbele ya wale wale."

"Mama, nitaonekanaje?"

"Kama mimi Jumanne."

Nilikaa siku mbili. Chupa zikajaa beseni, zikajaa sakafu, wataalamu wakawa wanaziruka kama vyura. Daktari alinibembeleza, nikamwambia nakuheshimu sana na sinyanyuki. Siku ya tatu, saa ya chai, Msimamizi akagonga kikombe kwa kijiko.

"Kuhusu lile suala, kulikuwa na kutoelewana..."

"Hapakuwa na kutoelewana," nikasema. "Nilikuelewa. Ulinisingizia."

Shingo yake ilikuwa inatoka jasho. Akatazama sakafu, kisha, na hapo nampa haki yake, akainua macho akanitazama mimi. "Nilimsingizia mama huyu. Chupa zake zilikuwa safi. Mimi ndiye niliyekataza maji yasimwagwe."

Nikawauliza wale kumi na mmoja kama wamesikia. Mmoja mmoja wakaitika. Aliyeitika kwa kichwa tu nilimwambia aitike kwa mdomo.

Kisha nikaenda kuosha. Zilikuwa chupa mia na kitu, nyingine lishe imekaukia ndani kama gundi, na mgongo wangu uliniadhibu kwa kila moja. Hasira haikunitoka siku ile, wala sikuiombea initoke.