Gerishom na ukungu ambao haukuwa kwenye miwani

Nje, jua la Agosti limeshaanza kuchoma lami. Lakini ndani ya chumba cha miwani, Gerishom Mudaki amevaa koti zito na kofia ya sufu. Anachukua miwani ya theluji kutoka rafuni, anaielekeza kwenye taa, kisha anageuza kichwa chote, kushoto halafu kulia, ndipo anaridhika kuwa kioo ni kikavu. Wenzake hutupa jicho tu. Yeye hawezi.

Nyuma ya mlango wake kuna ukumbi wa theluji, mteremko mzima wa baridi uliojengwa chini ya paa katika jiji hili la Dubai. Mbele yake amesimama Proscovia, msichana kutoka Uganda aliye katika wiki yake ya kwanza kazini. Miwani yake ameipandisha juu ya paji la uso.

"Shusha hiyo, dada," Gerishom anamwambia.

"Si inakaa vizuri tu? Kwenye picha wanavaa hivi hivi."

"Wa kwenye picha wanapigwa picha. Wewe unaenda kufanya kazi. Hicho kichwa kina jasho la kituo cha basi. Ukiiweka hapo, sponji inakunywa jasho lote, kioo kinashika ukungu, na ukifika kwenye baridi ukungu unakuwa barafu. Utamgonga mtoto wa watu."

Proscovia anacheka, anaishusha. Gerishom anamvuta skafu ikae chini ya pua, ili pumzi isipande ndani ya miwani. Anamwonyesha vitundu vya hewa vilivyo juu na chini ya fremu, namna vinavyozibwa na theluji, na jinsi ya kuipangusa bila kuisukuma ndani. Anamkataza kufuta kioo kwa glavu, maana upande wa ndani huchubuka na ukishachubuka haukai tena safi. Mwisho anampa miwani ya pili, aiweke ndani ya koti, karibu na kifua, ibaki na joto.

"Na zote mbili zikishika ukungu?"

"Unasimama. Hapo hapo ulipo. Unainua mkono, tunakuja kukuchukua."

Hilo la kusimama analisema kwa sauti ya chini. Ndilo ambalo yeye hakulifanya.

Gerishom ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Chavakali, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Alikuja Dubai kama mlinzi kwenye ghala la vipuri vya magari huko Ras Al Khor. "Nilikuwa nasimama juani mpaka gundi ya soli inayeyuka," anasema. Aliposikia kuna kazi ya kuzoa theluji, alidhani anataniwa. Alikwenda hivyo hivyo, akaandikwa.

Baadaye alifundishwa kuendesha pikipiki ya theluji, mashine ya betri yenye mkanda mpana badala ya gurudumu la nyuma, na skii mbili mbele. Kazi yake ilikuwa kupandisha nyavu na vigingi mlimani, na kuvuta kitoroli cha kubebea mgeni aliyeumia. Ni kazi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Alipomtumia binti yake, Mirriam, picha akiwa juu ya mashine ile, mtoto aliipeleka shuleni. Darasa zima likakubaliana kuwa baba yake yuko Ulaya.

Miwani ndiyo iliyomtesa mwanzoni. "Nilijifunga skafu mpaka puani kama mwizi wa kuku," anakumbuka. "Kila nikipumua, sioni. Nikifuta, ndiyo naharibu zaidi. Mashine ikitembea, upepo unaniokoa. Ikisimama tu, giza."

Aliyemwonea huruma ni Joanita Nakimera, mfanyakazi wa siku nyingi kutoka Masaka. Alimfundisha yote ambayo leo Gerishom anamfundisha Proscovia. Mwanafunzi akamzidi mwalimu, hadi ikawa mtu akishikwa na ukungu mteremkoni anaambiwa amtafute Geri.

Ndiyo maana ukungu uliomjia mwaka jana ulimchanganya.

Ulianzia pembeni, upande wa kushoto. Hilo halikumshangaza, kwa sababu barafu nayo huanzia pembeni mwa kioo, kwenye vitundu. Akasafisha vitundu. Ukungu ukabaki. Akabadilisha kioo, akabadilisha miwani yenyewe, akanunua dawa ya kupaka kwenye duka moja la Satwa, mtaa anakoishi. Akaanza kutembea polepole kutoka kituo cha basi ili asitoe jasho. Akawa anabeba miwani tatu ndani ya koti.

"Geri, habibi, unafungua duka?" msimamizi wake, Adib, alimtania.

Chumbani Satwa, wenzake nao walikuwa na utani wao. Gerishom alikuwa akijigonga kwenye miimo ya milango na kukanyaga viatu vya watu. "Mlokole gani huyu anayepepesuka?" walimuuliza. Alicheka pamoja nao. Hakuunganisha mambo hayo mawili. Mtu ambaye kazi yake ni miwani, akiona vibaya, anailaumu miwani.

Asubuhi moja ya Machi, kabla wageni hawajaingia, alikuwa anateremka akivuta kitoroli kitupu. Joanita alikuwa ameinama kushoto kwake, anapigilia kigingi cha wavu. Pembeni palikuwa na ule ukungu wake wa kila siku. Hakusimama. Alijiambia anaijua njia.

Mashine ya betri haina kelele nyingi. Joanita aliisikia ikiwa imeshamfikia, akaruka, na kitoroli kikamchapa mguu.

"Banange, Geri! Unaniua!"

Gerishom aliruka chini, akamkimbilia. "Ni miwani, Joanita. Imeganda tena. Haki ya Mungu, ni miwani."

Joanita, akiwa bado ameketi kwenye theluji na kifundo kikianza kuvimba, alinyoosha mkono. "Hebu leta."

Akaivaa yeye. Akatazama juu mlimani, akatazama chini, akamtazama Gerishom.

"Akaivua taratibu," Gerishom anasema. "Halafu akaniambia, 'Ssebo, hii miwani ni safi. Naona mpaka mishale ya saa ya ukutani.' Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekuletea habari ya msiba."

Ni Joanita huyo huyo, akichechemea, aliyemsindikiza kwa daktari wa macho. Huko waliambiwa jina la ukungu ule: glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Shinikizo ndani ya jicho huua mshipa wa kuonea, kimya kimya, bila maumivu. Kwa kawaida huanza na pembeni na kuja katikati. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone huweza kulinda kilichobaki, ikiwa mgonjwa haachi kuitia kila siku.

"Nilimuuliza daktari, hakuna namna ya kuufuta huo ukungu? Nikamuuliza tena kwa maneno mengine. Akasema hakuna."

Kisha daktari naye akauliza lake. Je, kwao kuna aliyewahi kupofuka?

Gerishom alimjua mmoja. Baba yake, mzee Yekoniya, alikuwa mchoma matofali. Alianza kupoteza macho kabla mvi hazijamjaa, na kijiji kizima kikasema ni moshi wa tanuri. Mama alimlaumu miaka yote kwa kukaa karibu na moto. Mzee mwenyewe aliwaomba wanawe msamaha kwa kujigeuza mzigo.

"Alikufa akiamini amejipofusha kwa mikono yake," Gerishom anasema. "Na sisi tulimwacha aamini hivyo. Hatukujua."

Adib alikuja kuchukua ufunguo wa mashine yeye mwenyewe. "Khalas, Geri, basi imetosha," alisema, akitazama sakafu. Kesho yake alimpa chumba cha miwani. Mshahara umepungua kutoka dirham elfu mbili na mia tatu hadi elfu moja na mia nane, na humo humo hutoka pesa ya matone. Jicho la kushoto limebaki na upenyo mwembamba wa katikati. La kulia bado lina sehemu kubwa.

Anasema hilo ameshalilia, limepita. Linalomnyima usingizi liko Chavakali.

Mdogo wake, Austine, ni mwendesha bodaboda. Ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, na ukishikwa mapema unaweza kuzuiwa. Mke wa Gerishom, Roselyne, alimpeleka Mirriam kupimwa mara moja, na macho ya mtoto ni mazima. Austine amekataa.

"Kila nikimpigia ananicheka. 'Bro, mimi naona hadi kunguru wa ng'ambo. Wewe umepofushwa na hiyo barafu ya Waarabu, usinitie uchuro.' Nikimwambia kuhusu baba, anakata simu."

Mwezi uliopita Roselyne alimpa Gerishom habari nyingine. Austine alikuwa amekwaruza lango la jirani kwa pikipiki, mchana kweupe, upande wa kushoto. Hakukuwa na abiria, na hakuumia. Alipoulizwa, alisema kioo cha helmeti yake kilikuwa na vumbi.

"Niliposikia hilo la kioo," Gerishom anasema, "nilikaa chini."

Ameomba likizo ya Desemba, na Adib amemwitikia kwa inshallah ambayo Gerishom anaamini ni ya kweli. Akifika nyumbani hatamhubiria mdogo wake tena. Atamwomba ampeleke yeye, kaka mgonjwa, kwenye kliniki ya macho. Austine ana ubishi, lakini hajawahi kumkatalia abiria anayeumwa, sembuse wa tumbo moja. Wakiwa na bahati barabarani watafika. Roselyne ameshazungumza na muuguzi. Jina litakaloitwa la kwanza mlangoni litakuwa la Austine.

Anaulizwa kama haogopi mpango huo kuandikwa gazetini kabla ya siku yake.

"Andikeni tu. Austine hasomi gazeti, anatazama ukurasa wa mpira." Anacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Na akigundua amedanganywa, akakasirika?

Gerishom anageuza kichwa chote hadi amwone aliyeuliza.

"Akasirike," anasema. "Akasirike huku anaona."